Kuipa printa ya mtandao anwani kwenye Linux na Unix: ulinganisho kwa ofisi za Lubumbashi

Ofisi inayochapisha kupitia mtandao inahitaji jambo moja kabla ya mengine yote: printa ipatikane leo mahali ilipopatikana jana. Kompyuta inayotumia Linux, FreeBSD au Unix nyingine haiitambui printa kwa umbo lake wala kwa karatasi iliyobandikwa juu yake. Foleni ya uchapishaji imeandikiwa anwani, kwa mfano socket://192.168.1.40:9100, na kila kazi inatumwa huko bila kuuliza zaidi. Printa ikibadilisha anwani, kazi zinarundikana kwenye foleni huku watu wakidhani wino umekwisha. Na anwani ile ile ikichukuliwa na printa ya chumba cha pili, karatasi zinatokea mahali pasipotakiwa. Kwa shule inayochapisha mitihani, au zahanati inayochapisha matokeo ya maabara, hilo si jambo la kupuuzwa.

Njia za kuipa printa anwani ni nyingi, na kwa kawaida hulinganishwa kwa wepesi wa kuziandaa. Hapa nazilinganisha kwa kipimo kingine, ambacho kwa mji wetu naona ndicho cha kwanza: umeme ukikatika na kurudi, ni nani anayeikumbuka anwani? Kuna njia ambazo anwani inakaa ndani ya printa yenyewe, kuna ambazo inakaa kwenye seva na printa huiomba upya kila inapowashwa, na kuna ambazo hakuna anayeitunza kabisa. Tofauti hiyo haionekani siku ya kufunga mtambo. Huonekana asubuhi ile umeme uliporudi usiku wa manane na kila kifaa kikaamka kwa wakati wake.

Ieleweke pia kwamba jina la seva ya uchapishaji hupewa vitu viwili: kadi au kisanduku kidogo kinachoiunganisha printa na waya wa mtandao, kama kadi za JetDirect za HP, na kompyuta yenye CUPS, programu ya uchapishaji ya Linux na Unix, inayopokea kazi za watu wote na kuzipanga. Anwani inayozungumziwa hapa ni ya hicho cha kwanza. Kompyuta yenye CUPS nayo inahitaji anwani isiyobadilika, lakini hiyo inaandikwa kwenye mfumo wake wenyewe na haina utata.

Anza na karatasi ya usanidi

Njia nyingi zinategemea anwani ya MAC, yaani tarakimu 12 za mfumo wa kumi na sita ambazo kadi ya mtandao imepewa kiwandani. Usiitafute kwenye kasha wala kwenye stika ya nyuma, kwa sababu kadi huhamishwa kutoka printa moja hadi nyingine. Chapisha karatasi ya usanidi kutoka kwenye printa yenyewe. Kwenye LaserJet nyingi utaikuta imeandikwa mfululizo, bila nukta mbili, kwa mfano 00005E00532A, na menyu ikiwa katika Kifaransa mstari wake huitwa « Adresse matérielle ». Isome karatasi hiyo penye mwanga wa kutosha. Wino ukiwa hafifu, 8 hufanana na B, na 0 hufanana na D. Herufi O haimo kamwe katika anwani ya MAC, kwa hiyo umbo la duara lazima liwe sifuri au D. Ukikosea tarakimu moja seva haitakulalamikia. Itanyamaza tu, kwa sababu ombi linalofika ni la kifaa isichokijua, na unaweza kupoteza mchana mzima ukikagua nyaya zisizo na kasoro.

Kuandika anwani kwa mkono

Unafungua menyu ya mtandao kwenye printa, unazima DHCP (utaratibu wa kifaa kuomba anwani kwa seva au ruta), kisha unaandika anwani, maski ya mtandao, ambayo kwa mtandao mdogo wa kawaida ni 255.255.255.0, na lango, yaani anwani ya ruta. Yote hayo yanahifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Umeme ukirudi, printa haimsubiri yeyote: haijali kama ruta imekwisha kuwaka au kama seva bado inakagua diski zake. Kwa sekreteria ya umma iliyo karibu na chuo kikuu, yenye printa moja, kompyuta mbili na ruta ya 4G, ambako wanafunzi wanapanga mstari na kazi zao za mwisho wa masomo na hakuna kompyuta inayokesha ikiwaka, sioni njia iliyo bora kuliko hii.

Udhaifu wake ni kwamba printa inaijua anwani yake lakini mtandao haujui. Ruta inayogawa anwani kwa simu na kompyuta za mkononi haina habari kwamba 192.168.1.40 imekwisha kuchukuliwa, na siku moja inaweza kumpa mteja aliyeingia na simu yake. Ndiyo maana kabla ya kugusa printa ni lazima kuingia kwenye ruta na kupunguza fungu la anwani zinazogawiwa, kwa mfano lianzie 100 na kuishia 200, ili zilizo chini ya 100 zibaki kwa vifaa vya kudumu. Kisha uhakikishe kwamba anwani uliyoichagua haitumiki:

arping -D -I eth0 -c 3 192.168.1.40

Badala ya eth0 andika jina la kadi ya mtandao ya kompyuta yako. Amri hii ni ya kuaminika kuliko ping, kwa sababu kuna vifaa vilivyowekwa visijibu ping lakini haviwezi kukaa kwenye mtandao bila kujibu ARP, yaani swali la kuuliza anwani fulani ni ya kadi ipi. Hata hivyo, haiwezi kukuonyesha kifaa kilichozimwa wakati huo, kwa hiyo daftari la anwani bado linahitajika.

Udhaifu wa pili huonekana ofisi inapobadilisha kampuni ya intaneti. Modemu mpya huja na mtandao wake, labda 192.168.8.0, kompyuta zote zinahamia huko zenyewe, na printa inabaki peke yake kwenye mtandao wa zamani. Ofisi yenye printa moja itatatua jambo hilo kwa dakika chache. Yenye printa nane katika ghorofa tatu itazunguka siku nzima.

DHCP yenye anwani iliyotengwa

DHCP, ambayo kanuni zake za msingi zimeandikwa katika RFC 2131 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) ya mwaka 1997, kwa kawaida hukopesha anwani kwa muda: kifaa kinaomba, seva inatoa moja kutoka kwenye fungu lake, na muda ukienda kifaa kinaomba kuongezewa. Kwa simu huo ni utaratibu mzuri. Kwa printa haufai ukiachwa hivyo, kwa sababu printa iliyozimwa Ijumaa jioni inaweza kuamka Jumatatu ikiwa na anwani nyingine. Dawa yake ni kuitengea printa anwani moja kwa kutumia MAC yake. Kwenye Linux yenye dnsmasq, programu ndogo ya kugawa anwani, mistari miwili inatosha:

dhcp-range=192.168.1.100,192.168.1.200,12h
dhcp-host=00:00:5e:00:53:2a,printa1,192.168.1.40

Mstari wa kwanza unaweka fungu la kukopesha, na wa pili unaagiza kwamba kadi yenye MAC hiyo ipewe jina la printa1 na anwani inayoishia na 40, leo na siku zote. Anwani hiyo iko nje ya fungu, na dnsmasq inaruhusu hivyo mradi iwe katika mtandao mdogo ule ule. Kwa kuwa dnsmasq hujibu pia maswali ya majina, kompyuta zinazoitumia kama seva yao ya DNS zinaweza kuandikiwa socket://printa1:9100 badala ya tarakimu. Wenye dhcpd, seva ya DHCP ya shirika la ISC, huandika maana ile ile kwa namna nyingine:

host printa1 { hardware ethernet 00:00:5e:00:53:2a; fixed-address 192.168.1.40; }

Hata hivyo, ISC ilitangaza mwaka 2022 kwamba imesitisha matengenezo ya programu hiyo na kuwaelekeza watumiaji kwa Kea, programu yake mpya, kwa hiyo simshauri mtu aanze nayo leo.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba orodha yote ya ofisi imo katika faili moja ambayo inaweza kunakiliwa, kuchapishwa na kukabidhiwa kwa anayekuja baada yako. Printa ikifa na kubadilishwa, unabadilisha MAC katika mstari mmoja, na foleni inabaki na anwani ile ile. Kama mpya ni ya aina nyingine, kinachobaki ni kubadilisha dereva tu. Mtandao mzima ukihama, unahariri faili moja kisha unaziwasha printa upya.

Sasa umeme. Printa hukawia kidogo tu kuwaka, ilhali kompyuta ya zamani iliyofanywa seva, ikiwa ilizimika ghafla na sasa inakagua diski, inaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Printa inaomba anwani, hakuna anayejibu, na mwishowe inajipa anwani ya dharura: kadi za zamani za JetDirect hurudi kwenye 192.0.0.192, na nyingi zilizofuata hujichagulia moja inayoanza na 169.254. Baadhi huendelea kuuliza hadi seva inapoamka. Nyingine hubaki hivyo mpaka mtu azizime na kuziwasha. Kwa sababu hiyo, napendekeza DHCP pale tu ambapo seva na swichi zinalindwa na UPS au betri za sola zinazoweza kuvuka ukatikaji wa kawaida wa mtaa wenu. Printa ya leza yenyewe isiunganishwe na UPS hiyo: sehemu yake inayopasha karatasi ili wino wa unga ushike huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, na UPS ndogo ya kompyuta hulemewa. Printa basi itazimika kila mara na kuamka upya, lakini itaikuta seva ikiwa hai, na huo ndio mpangilio unaotakiwa.

Hatari nyingine ni kuwa na seva mbili za DHCP kwenye mtandao mmoja. Ukiwasha dnsmasq, zima ugawaji wa anwani kwenye ruta, vinginevyo printa itampokea atakayetangulia kujibu. Hali hiyo inachosha sana kuichunguza, kwa kuwa leo kila kitu kinafanya kazi na kesho hakifanyi. Ofisi isiyo na seva ya Linux inayowaka daima inaweza kutenga anwani ndani ya ruta yenyewe, kama menyu yake inaruhusu. Ruta hutumia umeme kidogo na betri ndogo huiweka hai kwa saa kadhaa.

BOOTP na RARP

DHCP ilijengwa juu ya BOOTP ya mwaka 1985, iliyoelezwa katika RFC 951, na zote mbili hutumia poti 67 na 68 za UDP. BOOTP haikopeshi, inatoa anwani isiyo na kikomo cha muda, kulingana na faili ambayo msimamizi ameiandika. Anayerithi mtambo wa HP-UX au Unix nyingine ya miaka ile atakutana na /etc/bootptab yenye mistari kama huu:

printa1:ht=ether:ha=00005e00532a:ip=192.168.1.40:sm=255.255.255.0:gw=192.168.1.1:

Kama inafanya kazi, iache ifanye kazi. Ila usisakinishe bootpd kwenye Linux ya sasa kwa ajili ya kadi moja kuukuu isiyojua DHCP, kwa sababu dnsmasq hujibu maombi ya BOOTP kwa mstari ule ule wa dhcp-host ulioonyeshwa juu.

RARP, ya mwaka 1984, hutoa anwani peke yake, bila maski wala lango, na maombi yake hayavuki ruta. Bado inatajwa kwenye karatasi za usanidi za kadi za zamani. Sioni sababu ya kuichagua.

ARP na ping kwa printa za mtumba

Printa nyingi zinazouzwa mjini kwetu zilitumika ng'ambo kabla ya kufika hapa, na si ajabu kununua LaserJet imara ambayo skrini yake imekufa au menyu yake iko katika lugha usiyoisoma. Kwa kadi za JetDirect za kizazi cha zamani kuna njia isiyohitaji menyu wala seva yoyote. Ukiwa na haki za root (msimamizi mkuu wa mfumo), kwenye kompyuta iliyo katika swichi moja na printa, andika:

arp -s 192.168.1.40 00:00:5e:00:53:2a
ping 192.168.1.40

Mifumo mingi ya sasa ya Linux haiji na amri ya arp. Hapo mstari wa kwanza utakuwa huu:

ip neigh replace 192.168.1.40 lladdr 00:00:5e:00:53:2a dev eth0 nud permanent

Kinachotokea ni kwamba unailazimisha kompyuta yako iamini kuwa anwani hiyo ni ya kadi hiyo. Pakiti ya ping inaondoka ikiwa na MAC ya kadi, kadi inaipokea, na kwa kuwa bado iko katika hali ya kiwandani haina anwani ya kuitetea, inaichukua iliyomo ndani ya pakiti kuwa yake. Sharti ni hilo la hali ya kiwandani. Kadi iliyokwisha kuandikiwa anwani na mwenye wa zamani haitabadilika mpaka irudishwe mwanzo, na kwenye kadi nyingi hilo hufanywa kwa kubonyeza kitufe fulani wakati wa kuwasha. Si kila kadi inakubali njia hii, na hairuki ruta.

Ikifanikiwa, kazi haijaisha. Anwani imeingia lakini maski na lango havijawekwa, kwa hiyo fungua ukurasa wa printa kwa kivinjari, au ingia kwa telnet, ukamilishe na kuweka neno la siri, kwa sababu kadi hizi huacha telnet wazi kwa yeyote aliye kwenye mtandao. Mwisho ufute ule mstari kwenye kompyuta yako kwa ip neigh del 192.168.1.40 dev eth0. Ukiusahau, siku kadi itakapobadilishwa kompyuta hiyo moja itaendelea kutuma kazi kwa MAC iliyokufa wakati wenzako wote wanachapisha vizuri. Kwa upande wa umeme, matokeo ni yale yale ya kuandika kwa mkono: anwani inakaa ndani ya printa.

Kuiacha printa ijitambulishe

Printa za miaka ya karibuni hutangaza jina lao kwa mDNS, njia ya kutafuta majina ndani ya mtandao bila seva, iliyoelezwa katika RFC 6762 ya mwaka 2013, na programu ya Avahi kwenye Linux husikiliza matangazo hayo. Hapa hakuna anayekumbuka anwani, kinachokumbukwa ni jina. Anwani ikibadilika, jina printa1.local linapatikana tena. Foleni huandikwa hivi, bila dereva wowote wa kampuni:

lpadmin -p printa1 -E -v ipp://printa1.local/ipp/print -m everywhere

Kwa nyumba, au kwa ofisi ya watu watatu wenye kompyuta za mkononi, njia hii ni nzuri kweli kweli, na umeme ukirudi kila kifaa kinajipanga chenyewe. Ofisi kubwa zaidi ziwe waangalifu. Matangazo ya mDNS hayavuki ruta, na baadhi ya ruta za Wi-Fi huzuia vifaa visizungumze vyenyewe kwa vyenyewe, hivyo printa iliyo kwenye waya haionekani na aliye hewani. Printa mbili za aina moja zipewe majina tofauti kwa mkono tangu siku ya kwanza, kwa sababu zikigongana moja hujiongezea namba, na hakuna anayetaka karatasi za mishahara zitoke kwenye chumba cha mapokezi. Aidha, huduma ya cups-browsed, inayoongeza printa zenyewe, ilionekana Septemba 2024 kuwa na kasoro kubwa za usalama kupitia poti 631 ya UDP. Sasisha mfumo wako, na kama huitumii, izime kwa systemctl disable --now cups-browsed.

Upande wa CUPS

Njia yoyote utakayochagua, foleni nayo inahitaji kuandaliwa kwa ajili ya umeme. CUPS ikikosa printa, kulingana na mpangilio wake inaweza kuisimamisha foleni yote, na hapo hata printa ikirudi kwenye anwani yake sahihi hakuna kinachotoka mpaka mtu aandike cupsenable printa1. Katika ofisi ambayo anayejua amri hiyo ni mmoja na yuko safarini, ni afadhali kuiagiza foleni ijaribu tena yenyewe:

lpadmin -p printa1 -o printer-error-policy=retry-job

Ofisi yenye tawi mji mwingine

Ofisi ya Lubumbashi yenye tawi Kipushi, zilizounganishwa kwa VPN (njia ya faragha kupitia intaneti), hukutana na ruta katikati, na ruta hiyo inaziondoa njia kadhaa kwa mara moja: RARP, ARP na ping, na mDNS hazivuki. DHCP na BOOTP zinaweza kuvuka zikiwekewa msaidizi wa kupitisha maombi, lakini hapo printa ya Kipushi itategemea kiungo cha intaneti ili kupata anwani ya kuchapishia karatasi za Kipushi. Naona hilo ni kulitwika tawi mzigo usio wake. Lipe tawi mtandao wake mdogo, kwa mfano 192.168.2.0, na uandike anwani ya printa kwa mkono, au uitenge kwenye ruta ya huko huko. Lango, ambalo wengi huliacha tupu kwa sababu printa inachapisha bila hilo, hapa ni la lazima: bila lango, printa hupokea ombi kutoka Lubumbashi lakini haina njia ya kurudisha jibu. Jaribu kutoka seva ya Lubumbashi kwa nc -zv 192.168.2.40 9100, na kama amri hiyo inakwama wakati wenzako wa Kipushi wanachapisha bila shida, kabla ya kugusa VPN waombe wachapishe karatasi ya usanidi na wakusomee mstari wa lango.